Kiboko wa Kiganjani

Wewe ungeanzia wapi kumweleza kiboko mtoto ambaye macho yake hayajapata kuona hata kuku? Fikiri kwanza. Usiseme ni mkubwa, maana atakuuliza mkubwa kuliko nini. Usiseme ni mweusi, hapo utakuwa umempa neno tupu. Wala usiseme yuko kama ng'ombe asiye na pembe, kwa sababu mtoto mwenyewe ng'ombe hajamgusa, na pembe anaijua ya mbuzi tu.

Bibi Mwanaidi wa Mahurunga aliulizwa swali hilo na mjukuu wake Sabra, asubuhi moja wakiwa barazani wanamenya muhogo.

"Bibi, kiboko ni nini? Kila siku mnasema kiboko kala mpunga, kiboko kala mpunga."

"Mke mwenzangu, niache kwanza nimalize huu muhogo."

Alimwita mke mwenza kama mabibi wa huko wanavyowaita wajukuu zao wa kike, kwa madai kwamba wanagombea mume mmoja, yaani babu. Babu mwenyewe alikwisha kufa zamani. Bibi Mwanaidi alikuwa akisema wamemgombea mpaka akachoka.

Sabra alikuwa anakaribia miaka sita. Alizaliwa kabla ya siku zake, akawekwa hospitali kwenye mashine ya joto kwa muda mrefu, na alipotoka alitoka mzima, ila nuru ya macho ilibaki huko. Mama yake aliolewa tena Newala. Baba yake, Zuberi, ni mtoto wa Bibi Mwanaidi, naye alikuwa akifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Mtwara na kupanga vyumba viwili Ufukoni. Mtoto akabaki kwa bibi, nyumba ya mwisho kabla njia haijashuka bondeni kwenye mashamba ya mpunga na mto Ruvuma.

Jambo moja lilikuwa likimkosesha Bibi Mwanaidi usingizi. Msimu wa korosho uliopita alikuja mwalimu kwa pikipiki kutoka mjini, jina lake Modesta, mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye kucheka kwa kifua. Alikuwa akizunguka vijijini kutafuta watoto wadogo wasioona, awaingize kwenye darasa lake huko Likombe. Watu wengine wakifika pale humuuliza bibi, "Huyu anasikia?" na Sabra amekaa papo hapo. Mwalimu Modesta hakufanya hivyo. Alichuchumaa akasema, "Sabra, mimi ni Mwalimu Modesta. Nimekaa mbele yako. Nakuomba mkono."

Kisha akaweka mkono wake chini, mkono wa mtoto ukawa juu, kama mtoto anayebebwa mgongoni. Akatoa vitu mfukoni: unyoya, punje za mtama, kifuu cha nazi, kipande cha gunia. Akasimulia habari ya kuku aliyewaficha vifaranga, na kila kilichotajwa mkono wa Sabra ulikifikia. Mtoto aliyekuwa haongei na wageni akauliza, "Na mwewe yuko wapi?"

"Bibi," mwalimu alisema baadaye wakila ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, "usimkamate kifundo cha mkono ukamsukumia kitu. Mkono wake ndio jicho lake. Wewe ungependa mtu akushike jicho akuelekeze?"

"Ningempiga kofi."

"Haya. Na jambo la pili, kitu chenyewe kwanza, sanamu baadaye."

La kwanza Bibi Mwanaidi alilishika barabara. La pili lilimpita, kama utakavyosikia.

Darasa halikuwa na bweni. Ili Sabra asome ilibidi akae kwa baba yake Ufukoni, apelekwe Likombe asubuhi na kurudishwa mchana. Mwalimu alisema nafasi ataishikilia mpaka shule zifunguliwe Julai, isivuke hapo. Bibi Mwanaidi magoti yalikuwa yameanza kulia kama mlango mbovu, naye alijua hataishi milele kuwa macho ya mtu. Lakini kila alipomwambia Zuberi, jibu lilikuwa lile lile.

"Tutaona, mama."

Zuberi alikuja Ijumaa moja moja. Alisimama mlangoni, akamtazama mtoto muda, akamwekea biskuti mapajani bila neno, akaenda kukaa upande wa pili wa uwanja. Sabra alimwita mgeni wa biskuti.

"Mwamkie baba yako!"

"Shikamoo," Sabra alisema, uso ameuelekeza kwenye mtungi.

"Marahaba," Zuberi alijibu kwa sauti ya mtu anayeitikia dua, na mazungumzo yakawa yamekwisha.

Basi, tuurudie muhogo. Ulipokwisha kumenywa, Bibi Mwanaidi alishuka bondeni akarudi na bonge la udongo wa mfinyanzi. Ujanani alikuwa msaidizi wa nyakanga, yule mwanamke anayewafunda wanawali. Mambo yenyewe ya unyagoni hayasemwi hapa, lakini namna ya kufunda inajulikana: kitu hakielezwi kwa maneno mengi, mwali hutiwa kiganjani mfano wa udongo na kuimbiwa wimbo wake, na hasahau mpaka anazeeka. Bibi Mwanaidi alizeeka hajasahau. Ndiyo namna aliyoitumia.

Akamfinyanga kiboko mnene kiasi cha kiazi kitamu, miguu mifupi, masikio kama maharage, mdomo umeachama na meno ya punje za mpunga. Akamkausha kivulini asipasuke. Jioni akaita, kwa wito aliouanzisha mwenyewe baada ya mwalimu kuondoka:

"Mkono upo?"

"Upo!"

"Basi upande juu ya wangu twende."

Wakaenda. Ndani ya beseni la maji mlikuwa na matope, ndiyo Ruvuma. Majani ya mpunga yalikuwa shamba, mfuniko wa sufuria ulikuwa debe la kumfukuzia. Kiboko alitoka majini, akala, wanawake wakapiga debe, kiboko akarudi majini na aibu yake. Sabra alitaka tena. Kesho yake akataka tena. Baada ya juma alikuwa anaisimulia mwenyewe, anamlisha kiboko makombo ya ugali, analala naye chini ya mto wa kitanda.

Bibi Mwanaidi alijisifu kwa majirani. Hakuliona kosa, na kosa lilikuwa hili: wanawali wa unyagoni walikuwa na macho. Mchi walikwisha kuuona, kuku walikwisha kumwona. Udongo ulikuwa ukiwakumbusha tu. Sabra hakuwa na cha kukumbushwa. Kwake yeye, kile kilichokuwa kiganjani ndicho kilichokuwepo duniani.

Juni mpunga ukaiva. Zuberi aliomba ruhusa kazini akaja kusaidia kuvuna. Asubuhi, umande haujakauka, watu walikuwa wametawanyika wanakata masuke kwa visu, na Sabra amekaa kwenye mkeka chini ya dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba. Juu yake alikuwa Jafari, jirani yao, mlinzi wa zamu.

"Kiboko!" Jafari alipiga kelele. "Hajarudi mtoni huyu! Yuko kwenye matete! Pandeni, pandeni!"

Madebe yakalia. Watu wakatupa visu wakakimbilia mwinuko. Bibi Mwanaidi alikwenda kwa magoti yake yale, akijua Zuberi amembeba mtoto. Zuberi naye alikimbia akijua mtoto yuko na bibi. Walipofika juu wakatazamana mikono mitupu.

Sabra alikuwa amesimama. Matete yalikuwa yakivunjika, na kitu kikubwa kikapumua ndani yake kama tairi la lori linalotolewa upepo. Akaanza kutembea kuelekea kwenye ile pumzi. Kiganja kimoja amekikunjua mbele, namna mtu anavyomwita kifaranga.

"Njoo," alikuwa akisema. "Usiwaogope. Hawa wana kelele tu."

Zuberi alishuka mwinuko ule hata hakuonekana akikanyaga. Akamkamata mtoto kiunoni kwa nyuma, akamtupa begani, akageuka mbio. Sabra alipiga ukelele ambao hajawahi kuupiga, akamng'ata baba yake shingoni. Kiboko alichanganyikiwa na makelele, akageukia upande wake, akayalaza matete mpaka mtoni, na watu wakasikia maji yakipasuka.

Watu wote waliokuwa pale wanahadithia hivyo hivyo.

"Nani kaninyakua?" Sabra alilia alipowekwa chini. "Bibi, nani kaninyakua?"

"Ni baba yako."

"Kwa nini? Nilikuwa namfuata kiboko! Watu wazima wote mnamkimbia, na yeye mdogo! Anaenea hapa." Akaonyesha kiganja.

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameanza kucheka akaacha.

"Wallahi," Jafari akasema toka kule dunguni, "mleteni huyo ashike zamu, mimi nishuke."

Zuberi hakucheka. Alikuwa ameshika shingo iliyong'atwa. "Mama, umemfundisha nini huyu mtoto?"

Bibi Mwanaidi akaanza kumfuta mtoto matope miguuni.

"Basi," Zuberi akasema. "Habari ya shule imekwisha. Hapa nyumbani tu amekaribia kufa. Mjini kuna malori."

Mchana ule Bibi Mwanaidi hakula. Alikwenda kwenye kichuguu nyuma ya mikorosho, mahali simu inaposhika, akampigia mwalimu akamweleza yote, hata la yule kiboko wa udongo hakulificha.

Mwalimu Modesta alimsikiliza mpaka mwisho. "Bibi, kosa hilo hata mimi nimelifanya. Nilimpa mtoto gari la plastiki, nikamwambia hili ndilo basi. Akaniuliza, 'Watu wanaingiaje, kichwa kwanza au miguu?'"

"Astaghafirullah."

"Ndiyo hivyo. Sasa, kiboko mwenyewe hashikiki. Lakini ameacha nini huko shambani?"

"Ameacha nini tena, mwalimu? Uharibifu."

"Mpelekeni mtoto kwenye uharibifu."

Bibi Mwanaidi alitazama bondeni, akaanza kuelewa.

"Na huyo baba," mwalimu akaongeza, "alipomshika, alitaja jina lake?"

"Nani ataje jina mbele ya kiboko?"

Mwalimu akacheka kile kicheko chake cha kifua. "Haya, hiyo tumsamehe. Na siku nyingine zote je? Mtoto asiyeona akinyakuliwa kimya kimya, kwake ni kama ameibwa. Na mtu akisimama kimya, kwake hayupo."

Kesho yake, Jafari alipokwisha kuapa kwamba kiboko yuko majini na amemwona masikio, Bibi Mwanaidi alimshika mtoto wakashuka. Zuberi alifuata na panga. Alisema anakwenda kulinda tu.

Kwenye tope la ukingo nyayo zilikuwa bado mbichi.

"Mkono upo?"

"Upo," Sabra alisema, safari hii polepole.

Mkono wa bibi ukashuka na wa mtoto juu yake, mpaka kwenye shimo lenye maji ya baridi. Kisha wa bibi ukajiondoa. Vidole vya Sabra vikazunguka ukingo, vikakuta alama za vidole vinne.

"Shimo la nini hili?"

"Hapo kakanyaga."

"Nani?"

"Kiboko."

Sabra akatia mguu. Akatia na wa pili, yote miwili ikaenea, na tope likamfika karibu na magoti.

"Huu mguu mmoja?"

"Mmoja. Anayo minne."

Sabra akainyoosha mikono atolewe haraka.

Wakamwingiza kwenye mpunga. Mashina yalimfika kifuani, akayapapasa akienda, masuke yakimkwaruza shingo. Ghafla mikono ikakuta hewa. Akainama: mpunga wote chini umelala, umegandamana na matope kama mkeka uliofumwa vibaya, na harufu nzito ya samadi.

"Hapa alilala," bibi alisema. "Ndicho kitanda chake."

Sabra akalala. Akajibiringisha huku, hajafika ukingoni. Akajibiringisha kule.

"Bibi, lala na wewe."

"Mke mwenzangu, kanga yangu ina sabuni ya jana."

"Lala, nataka nijue anaishia wapi."

Bibi Mwanaidi akalala, akiyaomba magoti radhi. Sabra akapapasa kutoka kichwani kwa bibi mpaka nyayo, akakuta mpunga uliolala unaendelea. Akajinyoosha mwenyewe hapo, bado nafasi ikabaki.

"Haitoshi. Baba yuko wapi?"

Zuberi alikuwa amesimama na panga hatua chache tu kutoka pale, muda wote huo hajasema kitu.

"Niko hapa," akasema.

Sabra aligeuza uso. Safari hii aliugeuzia mahali penyewe.

"Lala na wewe. Mimi nitoke, nipime."

Zuberi akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anatazama mbingu na kanga imelowa. Akaweka panga chini, akalala, kichwa chake kwenye nyayo za mama yake.

"Zuberi!" Jafari akaita toka dunguni. "Mmeuza vitanda nyumbani?"

"Linda shamba wewe!"

Sabra akaanza kupima. Alitoka kwenye kilemba cha bibi, akashuka mkono kwa mkono, akavuka nyayo, akafika kwenye nywele ambazo hakuzijua. Akaenda polepole. Paji la uso. Nyusi. Macho, ambayo Zuberi aliyafumba upesi. Ndevu. Akarudi kwenye nyusi.

"Hiki nini?"

"Kovu."

"La nini?"

"Nilianguka kwenye mkorosho. Nilikuwa mdogo kama wewe."

"Uliangukaje?"

Bibi Mwanaidi akadhani mwanawe atasema tutaona. Lakini Zuberi alikaa kitako. Akaupitisha mkono wake chini ya mkono wa mtoto, bila kuambiwa na mtu, na mkono wa pili akaunyoosha ukawa tawi.

"Tawi lilikuwa hivi. Shika. Kumbe ndani limeliwa na wadudu. Mimi niko huku mwisho, naona bibo moja jekundu..."

"Jekundu ni vipi?"

"Ni... tamu. Limeiva, limelainika, ukilibonyeza linatoa maji. Nikalifuata. Huyo, huyo, naenda. Wewe ndiye mimi, tembeza vidole. Nikafika hapa kwenye kiwiko, nikasikia ta!"

Mkono ukaanguka kwenye matope, na vidole vya Sabra vikaanguka nao. Akapiga yowe la kicheko.

"Tena!"

Akasimulia tena. Mara hii alipaaza sauti, akatia na mama yake aliyekuja kumwokota na fimbo mkononi. Bibi Mwanaidi akasema akiwa amelala pale pale kwamba fimbo haikuwepo, huo ni uongo wa mtu mzima. Hakuna aliyemsikiliza.

Kisha Zuberi akafanya mdomo wa kiboko: mkono mmoja juu, mmoja chini, akamwambia mtoto asimame katikati. Sabra alisimama, na utosi wake haukugusa mkono wa juu. Akapapasa juu, akapapasa chini. Alielewa.

"Jana angenila."

"Angekuuma vibaya sana."

"Ndiyo maana ulininyakua."

"Ndiyo."

"Ungesema."

"Ningesema nini?"

"Ungesema, Sabra, ni baba. Mimi nisingekung'ata."

Walirudi nyumbani juani, Sabra begani kwa baba yake, anashika masikio yake kama usukani. Bibi Mwanaidi alifua kanga, akaianika, akapika ugali na kunde, wakala. Mtoto alilala usingizi wa mchana mkekani. Zuberi alibaki amekaa karibu naye, anafukuza nzi. Bibi Mwanaidi alichukua ungo akaanza kupepeta mpunga wa kula, na alipopepeta kiasi cha kutosha akasema bila kumtazama:

"Mwalimu anangoja neno. Mimi sitakuuliza tena."

Zuberi alimfukuza nzi mwingine.

"Mama, yale ya jana yalikuwa hofu, mimi shule sikuikataa. Nikija hapa nasimama mlangoni, namtazama, hageuki. Nikasema moyoni, huyu hanitaki, nikimpeleka Ufukoni atakaa na mtu asiyemtaka. Kumbe hata hajui kama nimesimama pale." Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeagiza kitu dukani: "Nataka nimchukue. Tangu alipotoka hospitali nilikuwa nataka nikae na mwanangu."